LED kwenye Golf 6: elfu tano ya kwanza ilikuwa ya kutupa

Nianze na hasara kabisa. Nimenunua balbu za LED mara tatu kwa gari moja, na zile za mara ya kwanza zipo kwenye droo ya jikoni mpaka leo pamoja na funguo zisizojulikana za wapi.

Gari ni VW Golf 6 iliyotoka Japani, nzima tu, ila taa za paki za mbele zilikuwa na ule unjano wa kibatari na mimi nilitaka nyeupe. Nikashuka mtaa wa Gerezani pale Dar, duka la kwanza nililoliona, nikaomba T10 za LED (T10 ndiyo saizi ya vile vibalbu vidogo vya paki), kijana akanipa jozi kwa elfu tano akasema hizi zinaingia gari zote bosi wangu. Kuingia ziliingia kweli. Nikawasha gari, hata sijatoka getini, kile kitaa cha njano chenye umbo la balbu hicho hapo kwenye dashibodi.

Kwa ambao hamjawahi kukutana nayo, gari nyingi za Ulaya kama VW, BMW, Benz, Audi, kompyuta yake inapima umeme unaopita kwenye balbu moja moja. Balbu ya kawaida ya paki ni wati 5, inakula kama ampia 0.4 hivi, LED inakula kidogo sana kuliko hapo, sasa kompyuta ikiona umeme umepungua kiasi hicho inasema balbu imeungua. Gari haijakosea, ndivyo ilivyofundishwa. Shemeji yangu ana IST, siku hiyohiyo aliweka zilezile za elfu tano na hakuna kitu kilichowaka, akawa ananicheka, maana Toyota yake haipimi hizo paki wala haina habari. Zamu yake ilikuja alipoweka LED kwenye indiketa, zikaanza kukimbia kama cherehani ya fundi wa sare za shule, akabadilisha flasha, kile kidude kinachoziwasha na kuzizima indiketa, akaweka ile ya LED, kwisha. Kama una Toyota ya zamani za huku kwetu basi shida yako inaweza kuishia kwenye flasha tu.

Mara ya pili nikawa mjanja, nikatafuta zilizoandikwa CANBUS, yaani eti zinaelewana na kompyuta ya gari. Jozi elfu 15, duka lingine. Hizi ndani yake kuna vijiresista vinavyokula umeme wa ziada ili gari idhani ni balbu ya kawaida. Onyo likazima, nikafurahi, nikalala. Asubuhi jirani ananiuliza kama nimefunga alamu mpya, ati nilipofungua gari usiku taa zilikuwa zinamwekamweka zenyewe. Nilidhani ni shoti. Kumbe kompyuta inapiga umeme mfupi mfupi kwenye balbu hata taa ikiwa imezimwa ili kuipima, ule uzi wa balbu ya kawaida hauwahi kupata moto ndani ya muda mdogo hivyo kwa hiyo huoni kitu, LED yenyewe inawaka papo hapo, ndo maana inacheza. Wiki ya tatu moja ikafa kabisa, nikaitoa nikakuta imebadilika rangi shingoni kwa joto. Neno CANBUS kwenye boksi halina maana kubwa jamani, kila anayetengeneza anaandika, cha kuangalia ni kama ile balbu ina mwili wa alumini wa kutoa joto na kama muuzaji anakubali uijaribu kwenye gari lako hapohapo dukani. Akikataa ondoka.

Halafu kitu kingine kidogo, LED ina chanya na hasi, balbu ya kawaida haijali. Ukichomeka isiwake, igeuze kwanza kabla hujaenda kugombana na mtu. Mimi niligombana.

Sasa resista. Fundi umeme mmoja alinishauri nikiweka LED za indiketa nifunge resista za nje, zile za dhahabu za wati 50 ohmu 6, unaziunga sambamba na balbu. Hapo ndipo nilipotaka kulia, maana ukipiga hesabu kwa volti 13.8 resista hiyo inakula kama wati 32 ikiwashwa, wakati balbu niliyoitoa ilikuwa ya wati 21! Yaani nimetoa balbu mla umeme, nikaweka LED ya kubana umeme, halafu nikaweka kidude kingine cha kuula ule umeme uliobanwa na chenji juu. Nikakubali hivyohivyo. Yeye akazifunga kwa teipu kwenye plastiki nyuma ya taa. Siku moja nikapata pancha Kimara, hazadi zimewaka kama dakika 40 nahangaika na jeki, nikaanza kusikia harufu ya plastiki. Teipu imeyeyuka, plastiki imebonyea kama nta. Resista hizi zinaweza kupita nyuzi 100 kirahisi, zinatakiwa zifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na nyaya. Fundi nilipomrudia akasema hazadi siyo za kuwasha muda mrefu. Haya.

Kilichoniponya ni jamaa mwingine mwenye laptopu na VCDS, ile programu ya kuingia kwenye kompyuta za gari za VW na kubadilisha mipangilio. Alitoa maresista yote, akarudisha balbu za kawaida kwenye indiketa (mwenyewe nilimwambia nimechoka), akaingia kwenye kompyuta ya umeme wa bodi, namba 09, akazima ule upimaji wa balbu kwa zile nafasi tu nilizoweka LED. Dakika 20, elfu 40. Hazichezi, hazionyi, na sasa naweza kutumia LED zisizo na resista ndani ambazo hazichemki. BMW nao wana aplikesheni yao ya simu inaitwa BimmerCode, unahitaji adapta inayoendana na gari lako. Ubaya wake ni kwamba balbu ikifa kweli gari halikuambii tena, kwa hiyo kila nikiosha gari nawasha taa nalizunguka. Na mwambieni mtaalamu ahifadhi kodi za mwanzo, zile namba za mipangilio ya kompyuta, kabla hajagusa kitu, wa kwangu alizipiga picha akanitumia WhatsApp.

Kama unaweka za nyuma, nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyeupe inatoa rangi ya waridi ya ajabu. Taa kubwa sikugusa na sitagusa, H7 ya halojeni ibaki, kile kikombe cha taa kimepimwa kwa uzi wa balbu ulipo, ukiweka LED mwanga unatawanyika unampofua anayekuja. Nimeshapofuliwa vya kutosha njia ya Chalinze.

Maksi zangu: duka la elfu tano 2 kati ya 10 (ziliwaka). La CANBUS 4, walikataa kunibadilishia ile iliyokufa. Fundi wa teipu simpi. Jamaa wa laptopu 9, angepata 10 ila alichelewa masaa matatu akisema yuko Ubungo anakuja.