Ofisi ya Pamoja Nakasero: Intaneti Nzuri, Kiyoyozi Kisicho na Mwenyewe

Huu ni mwezi wa saba tangu nikodi meza katika ofisi ya pamoja iliyo ghorofa ya tatu, kwenye mteremko wa kilima cha Nakasero hapa Kampala, na kwa kuwa watu wengi wanaofanya kazi za kujitegemea mjini huniuliza kama mahali hapo panafaa, nimeona niandike tathmini yenye kina. Sitaitaja ofisi yenyewe kwa jina. Nia yangu si kuiharibia biashara, bali kueleza jambo ambalo mteja halioni siku anapotembezwa, nalo huanza kumtesa baada ya wiki mbili, yaani joto na baridi ya chumba.

Mazuri yapo, na ni haki yasemwe. Intaneti ni ya kasi, jenereta huwaka ndani ya dakika moja umeme unapokatika, viti ni imara, na chai ya saa nne haijakosa hata siku moja. Kwa shilingi 450,000 kwa mwezi, sina la kulalamikia katika hayo.

Tatizo limo katika chumba kikubwa, ambacho kina meza 22 na viyoyozi viwili, vyote vimefungwa kwenye ukuta wa mashariki juu ya safu ya kwanza ya meza, ambako ndiko ninakokaa. Ukuta wa magharibi ni vioo vitupu kutoka sakafuni hadi darini, na nilipohamia havikuwa na mapazia. Kuanzia saa nane mchana jua hupenya vioo hivyo na kuwaangukia waliokaa hapo, wakalowa jasho mgongoni, huku sisi tulio upande wa pili tukijikunyata ndani ya masweta. Nilinunua kipimajoto kidogo cha mezani ili nisiseme kwa kukisia. Siku moja isiyo na mawingu, saa tisa alasiri, kilisoma nyuzi 20 mezani kwangu na nyuzi 29 karibu na vioo, mwendo wa hatua 14 tu.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu chumba kizima kinategemea rimoti moja. Imeviringishwa nailoni na kufungwa kwa mpira, na ukiitazama kwa karibu utaona kwamba alama ya kitufe cha kushusha imefutika kabisa kwa kubonyezwa, ilhali ya kitufe cha kupandisha ingali mpya. Nilishuhudia dada mmoja mhasibu, mwenyeji wa Mombasa, aliyejitanda leso mabegani, akimwendea wakili mmoja wa makamo na kumwambia, “Shikamoo mzee wangu. Nakuomba usiishushe chini ya 24, vidole vyangu vimekufa ganzi.” Mzee akamjibu kwa upole, “Marahaba, mwanangu. Mimi nimetoka mahakamani na suti hii, na hapa dirishani naiva.” Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mkorofi. Msimamizi alipoitwa alisema waelewane wenyewe, akarudi zake mapokezini. Jibu hilo liliniudhi kuliko baridi yenyewe, kwa maana hali ya hewa ya chumba ni sehemu ya huduma tunayoilipia, na haiwezekani mwenye nyumba aifanye kuwa deni la wapangaji.

Kushusha rimoti hadi 16 hakumsaidii yule aliyekaa juani. Kiyoyozi cha ukutani hupima joto la hewa kinayoivuta yenyewe kule juu karibu na dari, kwa hiyo hakina habari na mtu aliye upande wa pili wa chumba, na mtambo wa kawaida haupoezi upesi zaidi kwa kuwekewa namba ndogo, bali hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Anayeumia ni aliye chini yake, na bili ya umeme inapanda bure.

Wapo wanaosema kwamba wanawake hudeka tu. Kauli hiyo si ya haki. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba kanuni ya kupangia joto la maofisi, iliyotungwa miaka ya 1960, ilichukua mwili wa mwanamume wa kawaida kuwa kipimo, na kwamba huenda inakadiria joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kupita kiasi, hadi kwa asilimia 35. Ongeza suti na tai ambazo wanaume wetu mjini hawakubali kuzivua hata jua likiwaka, na tofauti inazidi kupanuka. Japani ilipoanzisha mwaka 2005 kampeni ya kuweka viyoyozi vya maofisi kwenye nyuzi 28 wakati wa kiangazi, iliwataka pia wafanyakazi waache tai na koti nyumbani.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tuko Kampala. Mji huu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida mchana wake hauzidi sana nyuzi 28, na mvua ya alasiri ikinyesha watu hutafuta makoti. Majengo ya zamani yaliwekewa matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na hewa ikapita yenyewe bila malipo. Katika ofisi hii hakuna dirisha hata moja linalofunguka.

Kwa anayefikiria kukodi, nashauri aende kuiona saa tisa alasiri, wala si asubuhi, akae dakika 20 chini ya kiyoyozi na dakika 20 kwenye vioo, kisha aulize ni nani anayeshika rimoti na ni lini vichujio vilisafishwa mara ya mwisho. Vya kwetu vilipofunguliwa mwezi Juni vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi.

Niliwaandikia wasimamizi nikapendekeza mapazia, namba moja ya kudumu ya nyuzi 25, na kuhamishiwa kiyoyozi kimoja upande wa magharibi. Mwezi uliopita mapazia yalifungwa kwenye vioo vitatu kati ya saba, na hapo kipimajoto sasa husoma 26 saa tisa. Rimoti ingali mezani, na viyoyozi vyote viwili vingali mashariki. Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Mkataba wangu unakwisha Desemba, nami nimewaambia kwamba nitauongeza vioo vinne vilivyobaki vikipata mapazia na rimoti ikihamia mapokezini.