Mfumo wa rimoti kwa vifaa vya muziki vilivyo kabatini: uzoefu wangu

Amplifaya yangu, deki ya CD na redio vyote vinakaa ndani ya kabati la mbao. Milango ikifungwa, rimoti inakuwa haina kazi, kwa kuwa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana ambao rimoti hutumia kutuma amri, haipenyi mbao. Nikanunua seti ya kupitishia amri za rimoti kwa waya: kipokezi kimoja cha kuweka nje, kisanduku cha kuunganishia, taa ndogo za kubandika mbele ya kila kifaa ili zikirushie amri hizo, na adapta ya volti 12.

Kuchomeka nyaya ni kazi nyepesi. Kinachotaka subira ni kubandika zile taa. Kioo cheusi mbele ya amplifaya kinaweza kuwa kipana, lakini jicho linalopokea rimoti liko sehemu moja tu, tena dogo. Mulika tochi kwa pembeni, mara nyingi utaliona. Lisipoonekana, sogeza taa polepole juu ya kioo huku mwenzako akibonyeza rimoti mbele ya kipokezi, mpaka kifaa kiitike. Ishikize kwanza kwa selotepu, ujaribu vitufe vyote, ndipo utoe karatasi ya gundi. Deki yangu ilikuwa inaitika amri moja na kuruka nyingine. Taa ilikaa juu ya jicho kabisa na mwanga wake ukalizidi nguvu. Niliposogeza kidogo pembeni, tatizo likaisha.

Kipokezi nacho kina masharti yake. Rimoti nyingi hupigapiga mwanga wake kwa kasi ya kilohezi 38 hivi, yaani mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi huchuja mwanga mwingine kwa kufuata kasi hiyo. Hata hivyo jua la moja kwa moja na baadhi ya taa za kubana matumizi hukichanganyia mambo. Changu kina kitaa cha kuonyesha kwamba amri imeingia. Kikiwakawaka bila mtu kugusa rimoti, hamisha kipokezi. Mimi nimekiweka chini ya televisheni, mbali na dirisha, na waya wake nimeupitisha mbali na nyaya za umeme.

Nimeridhika sana. Hata nikishikilia kitufe cha sauti, inapanda taratibu bila kukatika, jambo ambalo ndilo nililolihofia zaidi. Ninacholaumu ni gundi: kwenye amplifaya inayopata moto imeanza kuachia, na mtengenezaji angeweka ya akiba. Karatasi ya maelezo pia ni fupi mno, haigusi kabisa suala la kutafuta jicho.

Kabla hujanunua, hakikisha rimoti zako ni za infraredi, kwa sababu zinazotumia Bluetooth hazitapita hapa. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu kisha ubonyeze. Mwanga huo macho hayauoni, ila kamera huuonyesha kama nukta nyeupe au ya zambarau. Anza na kamera ya mbele, maana za nyuma kwenye simu nyingi zina kichujio kinachouzuia. Na kama una vifaa viwili vinavyoitika rimoti moja, ujue vyote vitapokea amri hiyo hiyo kwa pamoja. Seti hii haichagui.