Kibodi ya Gboard kwa wapenda emoji: WhatsApp inafaa sana, SMS inakula kifurushi

Gboard, kibodi ya Google inayokuja ndani ya simu nyingi za Android, ndiyo tunayompendekezea mtu anayeandika Kiswahili na kutia emoji kila siku. Ni ya bure, ina Kiswahili na Kiarabu, na emoji zake hazichoshi kuzitafuta. Tunaipa 4 kati ya 5. Lakini ukiitumia kwenye SMS bila kujua inavyohesabiwa, utapoteza pesa na usijue zimekwendea wapi.

SMS moja ina nafasi ya herufi 160, maadamu kila herufi imo katika orodha ya GSM: herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili, tarakimu na alama za kawaida. Ikiingia emoji moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo mwingine na nafasi hushuka hadi 70. Ukizidi hapo, ujumbe hukatwa vipande na kila kipande hubeba 67 tu, kwa sababu nafasi iliyobaki hutumika kuviunganisha. Na emoji haihesabiwi nafasi moja. 😊 ni 2, 🤲🏾 iliyotiwa rangi ya ngozi ni 4, bendera 🇹🇿 ni 4, na familia ya watu wanne 👨‍👩‍👧‍👦 inafika 11.

Chukua tangazo la madrasa kwa wazazi, herufi 140. Hilo ni SMS 1. Mwalimu akimalizia na 🤲, nafasi zinakuwa 142, na vipande viwili vinabeba 134 tu. Kwa hiyo zinakwenda SMS 3. Kwa wazazi 40, badala ya SMS 40 zimetoka 120. Andika "Amin" uokoe kifurushi. Tena mzazi mwenye kiswaswadu huenda asiione hiyo mikono. Ataona kisanduku kitupu.

Si emoji peke yake. Salamu ya السلام عليكم kwa herufi za Kiarabu, au alama ya ﷺ, hufanya vivyo hivyo. Hata neno Ng'ambo linaweza kukuponza: apostrofi iliyonyooka imo katika orodha ya GSM, iliyojikunja haimo. Hapa Gboard tunaisifu, kwani apostrofi yake imenyooka. Mwenye iPhone na aingie kwenye mipangilio ya kibodi azime Smart Punctuation, maana ndiyo inayoikunja.

Ndiyo sababu emotikoni ya alama bado ina kazi yake. Ile :-) aliyoipendekeza Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, tarehe 19 Septemba 1982, inachukua nafasi 3 tu na haiubadilishi ujumbe. Kwa SMS tumia hiyo, au :-( ukihuzunika. ^_^ inapita pia, ila kila ^ huhesabiwa 2, jumla 5. Jihadhari na ukurasa wa emotikoni uliomo ndani ya Gboard: nyingi zimetengenezwa kwa herufi za Kijapani, kama ile ya kuinua mabega ¯\_(ツ)_/¯, na hizo zinakurudisha kwenye 70.

Kuitayarisha ni kazi ndogo. Fungua mipangilio ya Gboard, sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili, na Kiarabu ukikihitaji. Usiiache na Kiingereza peke yake, itakusahihisha maneno yasiyo na kosa. Kitufe cha emoji na kile cha kubadilisha lugha hugombea nafasi moja. Chagua cha emoji, kisha lugha ibadilishe kwa kubonyeza kitufe cha nafasi na kukishikilia. Rangi ya ngozi pia ni kushikilia: bonyeza mkono au uso wa mtu usiachie, rangi 5 zitajitokeza pamoja na ile ya manjano.

Kwenye WhatsApp mambo ya 160 na 70 hayapo, na hapo ndipo kibodi hii inapostahili alama zake. Fahamu tu kwamba WhatsApp ya Android huchora emoji zake yenyewe. Emoji mpya inaweza kuonekana vizuri humo na ikawa kisanduku kwenye SMS, katika simu hiyohiyo. Kama ni kisanduku ndani ya WhatsApp, sasisha programu.

Kubwa zaidi ni taazia. Unapogusa ujumbe kwa muda, WhatsApp huleta 👍❤️😂😮😢🙏. Kwenye kioo kidogo 😂 huonekana analia, na kweli ana machozi, lakini ni ya kicheko. Ikiwekwa chini ya "Inna lillahi" inaumiza wafiwa. Gusa tena alama uliyoiweka, itaondoka. Na kwa dua, bonyeza + mwisho wa safu uchukue 🤲, iliyoingia 2017 pamoja na 🧕. Hiyo inafanana na mikono yetu tunapoomba kuliko 🙏.

Vinavyokosekana vinatuuma. Tangawizi ipo, 🫚, tangu 2022. Karafuu haipo, wala iliki, wala mdalasini. Muuza viungo wa Wete, Pemba, atabaki na 🌿. Bendera ya Zanzibar, inayotumika tangu 2005, nayo haipo, na hilo si kosa la Gboard. Bendera za emoji hufuata misimbo ya nchi ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, na wetu ni TZ. Mikoa mitano ya Zanzibar ina misimbo yake, lakini Zanzibar yenyewe haina. England, Scotland na Wales zilipata zao kwa njia ya pembeni, na tangu 2022 Unicode, shirika linaloidhinisha emoji, haipokei tena maombi ya bendera za namna hiyo.

Kilichobaki ni stika. Chukua picha ya bendera, iweke kwenye mraba wa pikseli 512 kwa 512, faili ya picha ya aina ya WebP isiyozidi KB 100. Ikizidi, WhatsApp huikataa kwenye pakiti ya stika. Karafuu fanya vivyo hivyo: piga picha ya kiganja kimoja juu ya jamvi, ondoa mandhari ya nyuma.