Friza ya ngozi za wanyama: kwa nini nimebaki na ya kulala

Kwa anayefanya kazi ya kujaza wanyama, yaani kuandaa ngozi ya tandala au nyati mpaka irudi kwenye umbo la mnyama aliye hai, friza ndiyo chombo kinachofuata baada ya kisu. Katika karakana yetu hapa Arusha nimetumia ya kusimama na ya kulala. Ninayoipendekeza ni ya kulala, yenye mfuniko juu, na isiwe ile inayojiyeyusha barafu yenyewe.

Dukani utasifiwa sana hizo zinazojiyeyusha, wenyewe huziita nofrosti. Ndani yake kuna feni, na kila baada ya muda hita inawaka kuondoa barafu kwenye koili, yaani mabomba yanayotoa baridi. Nyama ya wiki moja haidhuriki. Lakini ngozi inayokaa miezi ikisubiri zamu yake hunyonywa maji na ule upepo mkavu, kuanzia sehemu nyembamba: masikio, kope, midomo, ncha ya pua. Zikishakauka hivyo, ukiziloweka maji hayapenyi vizuri. Bakteria wanawahi kabla ngozi haijalainika, na manyoya yanakubakia mkononi. Tulipokuwa na ya kusimama niliyaona haya kwenye masikio ya swala pala, na hakuna rangi wala gundi inayorudisha sikio lililonyonyoka.

Ya kulala haina upepo huo. Tena hewa baridi ni nzito, hivyo ukifunua mfuniko inabaki chini badala ya kumwagika sakafuni. Umeme ukikatika, ikiwa imejaa na hujaifungua, inashikilia baridi karibu siku mbili. Ikiwa nusu, hesabu siku moja. Kwetu hilo peke yake linatosha kuamua.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma. Tafuta herufi T kwenye daraja la hali ya hewa, maana yake imetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 16 hadi 43. Yenye N inaishia 32, na chini ya bati mchana wa Februari joto hupita hapo bila shida. Angalia pia kilo inazoweza kugandisha kwa saa 24. Lita zisikudanganye: ukirundika ngozi mbichi nyingi kwa mara moja, za katikati zitaendelea kuoza huku za pembeni zimekuwa mawe. Nunua na kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na uache nafasi ukutani, kwa sababu nyingi hutolea joto ubavuni.

Ngozi niikunje upande wa nyama kwa upande wa nyama? Hapana, kwangu hapana; naitandaza iwe bapa kadiri inavyowezekana ili baridi iingie haraka, kisha mifuko miwili ya plastiki, hewa yote imekamuliwa. Ndege namlaza kichwa chini ya bawa, miguu na mdomo nikivifunga karatasi yenye unyevu. Na ngozi iliyokwisha kutiwa chumvi haiingii humu kabisa. Maji ya chumvi iliyokolea huganda karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, friza ya kawaida inakaa 18, kwa hiyo itabaki mbichi tu ndani ya mfuko. Hiyo ianikwe kivulini ikauke.

Kazi nyingine ninayoipenda friza hii ni kuua wadudu wanaotafuna manyoya kwenye vichwa vilivyokamilika. Hapo naishusha hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au zaidi, kitu kikiwa ndani ya plastiki. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya manyoya badala ya juu ya plastiki.

Chakula kisiingie humo, hata chupa ya maji. Baridi haiui vimelea vya kimeta, na virusi vya kichaa cha mbwa huvumilia kuganda. Hapa sina mjadala na mtu.

Kasoro zake zipo. Inakula nafasi sakafuni, na mzigo wa chini ni kazi kuufikia. Barafu unaitoa mwenyewe, na usithubutu kuikwangua kwa kisu, mabomba ya gesi yamepita ndani ya kuta hizo hizo. Kazi ya kufikia mzigo wa chini nimeirahisisha kwa lebo: moja ndani ya mfuko, ya penseli kwenye karatasi ngumu, nyingine nje, zikiwa na aina ya mnyama, mahali, tarehe na namba ya kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimwonei huruma aliyekutwa na nyara za serikali bila karatasi, kwa hiyo nakala za vibali ziko kwenye faili karibu na friza, na kufuli lake linafungwa kila jioni.