Bolt Action mezani kwetu: kuwacheza askari wa Keya

Tangu Februari nimekuwa nikicheza Bolt Action na marafiki zangu watatu, karibu kila Jumamosi, kwenye meza ya chakula hapa nyumbani Moshi. Naandika kwa ajili ya anayejiuliza kama inafaa kuinunua, maana mimi mwenyewe nilijiuliza muda mrefu.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, unaochezwa kwa vijiaskari vya milimita 28 unavyoviunga kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Kanuni zake ziliandikwa na Alessio Cavatore na Rick Priestley, zikatoka 2012. Sisi tunatumia toleo la pili, la 2016. Lipo la tatu tangu 2024 ila bado hatujalinunua. Meza ni futi sita kwa nne, na ukiwa na futikamba na dadu za kawaida umekamilika.

Wengi huchezea Normandi au Urusi. Mimi nilitaka Bama (Myanmar ya leo). Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa kikosi cha Waingereza cha King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Alichotusimulia ni mvua na ruba tu. Ukimuuliza habari za risasi, aliomba tumbaku yake.

Vijiaskari vya Keya sikuvipata. Nilinunua Waingereza wa Jeshi la 14, lile lililopigana Bama, wenye kofia za ukingo mpana, kwa sababu babu zetu walivaa hizo hizo Bama, nikawapaka ngozi zetu. Nyuso nilizifanya moja moja: kwanza kahawia nzito, halafu kahawia iliyochanganywa na tone la chungwa kwenye mashavu na juu ya pua. Begani niliweka kidoa cheusi, kwa kuwa alama ya divisheni ilikuwa kifaru, yule mnyama mwenye pembe, na brashi yangu haiwezi kuchora kifaru kwenye bega dogo kuliko punje ya mchele. Msitu tuliufanya kwa majani ya plastiki ya kupambia tangi la samaki, nyasi kwa katani iliyokatwa fupi, na barabara ya matope kwa vumbi la mbao na gundi. Mzigo wa kwanza ulifika baada ya wiki saba, singe nne zimevunjika, na muuzaji hakujibu barua zangu. Nunueni kwa anayejibu.

Sasa mchezo wenyewe. Kila kikosi kina dadu yake ndani ya mfuko, rangi moja kwa kila upande. Unatia mkono bila kutazama. Ikitoka ya kwako, unachagua kikosi na kukipa amri moja kati ya sita: piga, songa, kimbia, vizia, jikusanye, au lala. Ikitoka ya mwenzako, unasubiri. Hakuna anayejua nani anafuata, kwa hiyo hakuna anayeondoka mezani kwenda kuchungulia simu. Hili peke yake limetufanya tuendelee kukutana.

Lakini kilichonishika moyo ni kubanwa. Kikosi kikipigwa risasi hupata alama, hata kama hakuna aliyekufa. Sisi tunatumia punje za maharage. Askari wa kawaida wana moyo wa 9: kikosi chenye alama kikitaka kutii amri, unarusha dadu mbili na lazima upate 9 au chini, ukipunguza moja kwa kila harage. Ukishindwa, wanalala chini.

Mwezi uliopita seksheni yangu ya watu kumi ilikutwa barabarani na bombomu (bunduki ya rashasha) ya Wajapani iliyokuwa kilimani, ikiongozwa na rafiki yangu mwalimu wa historia. Ilipofika raundi ya tatu walikuwa na maharage manne. Maana yake nilihitaji 5 au chini, yaani nafasi 10 kati ya 36. Nikamsogeza luteni karibu, akaongeza moja, zikawa 15. Nikarusha, nikapata 8. Raundi iliyofuata, 9. Hawakufa isipokuwa wawili, lakini wale waliobaki, niliowapaka rangi usiku kucha, walilala kwenye vumbi la mbao raundi mbili nzima, na mimi niliyewaagiza sikuweza kuwainua. Nilinyamaza. Nilimwona babu pale, amelala matopeni, anasikia amri na mwili unakataa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini alichagua kusimulia ruba.

Mwalimu hakucheka wala kuharakisha. Alisubiri, akanipa mfuko.

Udhaifu upo. Kanuni za msingi zinajali risasi kuliko nchi yenyewe: msitu mnene unakuzuia kukimbia, basi. Malaria, chakula kilichoshindwa kufika, barabara iliyomezwa na maji, vyote hivyo havipo, na kwa Kabaw ndivyo vilivyokuwa vita. Tumejitungia sheria yetu kwamba kila raundi tunarusha dadu moja, ikitoka 1 mvua inanyesha na hakuna anayeona zaidi ya inchi 12. Imesaidia sana. Pia Wajapani wana shambulio lao la banzai, la kumkimbilia adui kwa pamoja bila kujali risasi, na mchezaji mgeni akikutana nalo siku ya kwanza atakata tamaa. Mwanzeni na vikosi vinne vinne kila upande, bila vifaru, mpaka kila mtu awe na amri sita kichwani.

Ningenunua tena? Ndiyo, bila kusita, mradi uwe na angalau mwenzio mmoja wa kudumu.

Kwa sasa tunapanga Kalewa, Desemba 1944, pale divisheni ilipoufikia Chindwin na wahandisi wakaujengea daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyoungwa papo hapo, la zaidi ya mita 350. Kwa kipimo cha vijiaskari hivi, 1:56, ni mita sita na ushee. Sebule yangu haitoshi, kwa hiyo jirani amekubali kutuachia baraza lake Jumamosi mbili mfululizo, na fundi seremala wa hapa mtaani ameshaanza kukata vijiti.