Skrubu moja ya plastiki kati yangu na Mshtarii

Sijawahi kukasirishwa na kitu kidogo kama nilivyokasirishwa na skrubu ya plastiki inayoshikilia bomba la darubini yangu kwenye stendi. Kila nilipoilegeza ili niifuate Mshtarii, bomba liliinama lenyewe. Kila nilipoikaza, sayari iliruka nje ya lenzi. Na nilipogusa tu kigurudumu cha kurekebisha taswira, miguu yote mitatu ilitikisika kama mnazi kwenye kusi. Mtikisiko ulipotulia, Mshtarii ilikuwa imekwenda zake, maana Dunia haiachi kuzunguka, na kwa ukuzaji mkubwa niliokuwa nikiutumia sayari huvuka uwanja wa lenzi kabla nusu dakika haijatimia.

Boksi linajigamba kwa maandishi makubwa kwamba darubini inakuza mara 525. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 70, na yeyote aliyewahi kukesha na chombo cha namna hii anajua kuwa kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili kwa kila milimita, yaani mara 140, tena usiku ambao hewa imetulia. Kupita hapo niliona doa la rangi ya maziwa, kubwa lakini lisilo na sura. Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki, na kwamba pengine nahitaji miwani. Miwani ninayo, niliivaa nilipokuwa nikisoma jibu lake.

Nilikusudia kuwaambia watu wasiiguse darubini hii kabisa. Lakini usiku mmoja hivi karibuni, kwa hasira kuliko ustadi, niliifupisha miguu hadi mwisho, nikaning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake, nikaliacha bomba nje lipoe, kisha nikaweka lenzi inayokuza mara 70 tu. Niliitega sayari ukingoni, nikaondoa mikono, nikaiacha ipite yenyewe. Mikanda miwili ya hudhurungi ikajitokeza, ikafifia hewa ilipochafuka, ikarudi. Kando yake palikuwa na miezi minne, mmoja umeikaribia sayari mno. Nilipoirudia baadaye nikahesabu mitatu.

Stendi ni takataka, na hilo silifuti. Bomba, hata hivyo, siliuzi: nimeshazungumza na seremala kuhusu miguu ya mbao.