Flickr mwaka wa nne: nimepata pa kuweka picha za rangi tupu na za safari

Kila nikiweka picha status naulizwa swali lilelile, hizi picha unaziweka wapi mtu azione zikiwa kubwa, na zile za ajabuajabu ambazo mtu haelewi ni nini ziko wapi zingine. Jibu ni Flickr, tovuti ya kuweka na kuangalia picha. Nipo huko mwaka wa nne sasa, miaka miwili ya kwanza akaunti ya bure, baadae nikaanza kulipia, kwa hiyo naandika kama mtu anayeitumia karibu kila wiki.

Wengi tuliisikia zamani tukajua imeshakufa. Haijafa. Ilianza 2004 kule Vancouver, Kanada, mwaka uliofuata Yahoo wakainunua, ikapanda ikashuka, alafu 2018 ikanunuliwa na SmugMug ambao kazi yao toka mwanzo ni kutunza picha za wapiga picha. Mi naona hapo ndo iliporudi kwenye mstari, maana ukiingia leo unaona mahali pa picha, hakuna video za kucheza wala watu wanaouza mikoba.

Mi napiga aina mbili. Ya kwanza ni safari, miji ya pwani, watu stendi, magofu, asubuhi ya sehemu nisiyoijua. Ya pili ni abstrakti, yani picha ambayo haioneshi kitu fulani, inaonesha rangi na maumbo na mwendo. Hizi za pili ndo zilinifanya nihame. Nilikokuwa mwanzo (sitaji jina) picha ilikuwa inakatwa pembeni, inabanwa mpaka chembechembe zinapotea, alafu inaoneshwa kwenye simu sekunde moja mtu ameshapita. Picha ya sura ya mtu inaweza kuvumilia hayo. Picha ya kutu haiwezi, kutu yote iko kwenye chembechembe.

Nitoe mfano mmoja nieleweke. Kunduchi, Dar, pale ufukweni wanapovuta vyombo juu kuvikarabati, kuna mashua ilikuwa imelala ubavu, rangi imebanduka. Nilisogea mpaka lenzi iko kama shubiri moja kutoka kwenye mbao. Juu bluu ya bahari, bluu ikipasuka chini yake kuna kijani, kijani kikipasuka kuna nyekundu iliyofifia, alafu mbao yenyewe, na katikati ya mbao mbili unaona pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, inachungulia. Mwenye chombo alikuwa amekaa kivulini anashona wavu, nikamwendea, shikamoo mzee, marahaba, naomba kupiga picha ubavu wa mashua. Akaniangalia akasema piga tu mwanangu, ila chombo, mimi usinipige. Sawa mzee. Baadae ndo akanieleza kila rangi ilipakwa lini, ya kijani ilikuwa ya kaka yake kabla hajamwachia chombo.

Ile picha nilipoiweka kule kwingine ilipita kimya kabisa. Flickr niliiweka kama ilivyo, megapikseli 24 zote, mtu akibofya anaikuza mpaka anaona nyuzi za pamba. Ndani ya siku mbili jamaa mmoja wa Finland akaniuliza ile nyekundu ya chini ni rangi ya kukinga mbao au ni ya mapambo tu, tukaanza kuongea kuhusu mashua zao na zetu. Picha nilikuwa sijaielezea hata neno, yeye kaangalia mpaka safu ya tatu ya rangi. Kwa mtu anayepiga vitu hivi hiyo ni furaha kubwa sana, sijui nieleze vipi.

Kitu kingine ninachokipenda kupita kiasi ni kwamba chini ya picha unaona kamera gani, lenzi gani, shata ngapi (muda kamera inapokea mwanga), f ngapi (upana wa tundu la lenzi), ISO ngapi (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kama mwenye picha hajaficha. Hapa ndo nilipojifunzia. Nilikuwa naona picha za watu wanaotikisa kamera makusudi, miti inakuwa kama imechorwa kwa brashi, nikijaribu mimi inatoka nyeupe tupu. Kumbe ukisoma zile namba unaona wenzetu wanapiga kwenye mwanga mdogo au wamefunga filta ya giza. Jua letu la mchana Dar ukiweka ISO 100 na f/22 bado unapata shata kama 1/50 ya sekunde, haitoshi, hakuna mwendo hapo. Nikanunua filta ya ND8, inakula stopu tatu, yani mwanga unapungua mara nane, nikashuka mpaka 1/6. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga vizuri, khanga za mama ziko kwenye kamba, nikapiga kama mara sitini nikipandisha kamera taratibu kwenda juu. Nne zimetoka. Moja ina lile pindo jeusi la khanga limejikunja kama moshi na nyekundu imetawanyika pande zote, hiyo ndo nimeiweka ya mbele kabisa kwenye akaunti yangu.

Na hizi aina mbili zinakutana pia. Nilipanda treni ya SGR Dar kwenda Dodoma, ile ya umeme inafika 160 kwa saa, sa fikiria hiyo ni kama mita 44 kila sekunde moja, ukiweka shata 1/15 maana yake kabla haijafunga treni imeshasogea karibu mita tatu. Vichaka vya karibu na reli vinageuka mistari ya kijani tupu, lakini milima ya Uluguru ukikaribia Moro iko mbali, ile haikimbii, inabaki na umbo lake vizuri juu ya mistari. Hiyo ni picha ya safari au abstrakti? Mi naona zote mbili. Niliiweka kwenye grupu la watu wanaopiga wakiwa kwenye mwendo, mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwenye kona ya kulia taa za ndani ya behewa zinaakisi kwenye kioo, nizungushie kitambaa cheusi kati ya lenzi na kioo na nisiigandamize kamera kwenye kioo maana itachukua mtetemo. Wakati wa kurudi nilitumia mtandio mweusi wa dada yangu. Taa zikapotea kabisa.

Magrupu ndo moyo wa Flickr, nisisitize hapo. Kuna ya kutu tu, ya milango tu, ya vivuli, ya picha za karibu sana, za nyeusi na nyeupe, na ya nchi na miji. Usiingie kwenye magrupu mia ukamwaga picha, hutaongea na mtu. Mi nipo kwenye manane hivi na matatu ndo naongea kwelikweli. Sheria za kila grupu zimeandikwa, mengine yanataka picha moja kwa siku, mengine ukiweka yako moja utoe maoni kwenye mbili za wenzako, na hiyo ya pili ndo inakufundisha kuangalia picha ya mtu. Kuna na ile Explore, wanachagua karibu picha 500 kila siku kwa hesabu za mtambo, ukiingia unapata watazamaji wengi ghafla. Nimeingia mara moja, na picha ya machweo, sio ile ya mashua ninayoipenda. Usipige kwa ajili ya hiyo.

Kwa upande wa safari, albamu ndo zimenifaa. Nilipotoka Kilwa Kisiwani nilikuwa na picha zaidi ya mia tisa, nikachuja mpaka zikabaki 42, nikazipanga kuanzia boti inavyotoka Kilwa Masoko, Gereza, yani ile ngome ya zamani, linavyokuja mbele, alafu Msikiti Mkuu na zile nguzo na matao ya matumbawe, nikamalizia na Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, inavyotazama bahari. Mtu anapitia kama anatembea na mimi. Kila picha nikaandika maelezo kwa Kiswahili, mengine marefu, kwamba hapa ni pa kuswalia, huku ni kuba, kwamba magofu haya yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 1981. Kuna mwalimu mmoja kaniandikia anawaonesha wanafunzi wake. Kwingine stori ya picha 42 kwa mpangilio huo nisingeweza kuisimulia.

Sasa hakimiliki, na hapa naomba wapiga picha wenzangu msome taratibu. Flickr kwa kila picha unachagua mwenyewe, haki zote zako, au leseni ya Creative Commons, yani ruhusa unayoitoa mapema watu watumie picha yako kwa masharti, na hizo ziko za aina, kuna inayoruhusu mtu atumie hata kibiashara mradi ataje jina lako, kuna inayokataza biashara, kuna inayokataza kubadilisha. Chagua kabla hujapandisha. Picha za Kilwa nimeziachia kwa sharti la kutaja jina tu, maana hiyo hata Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, wanaipokea, ile ya kukataza biashara hawaipokei, na mi nataka magofu yetu yaonekane kwenye makala za watu. Picha za abstrakti nimeshikilia haki zote. Nina sababu. Kuna sehemu nyingine niliwahi kuona picha yangu ya pwani kwenye bango la biashara ya watu, hawakuomba, hawakutaja, nilipowaandikia hawakujibu. Iliniuma, na bado inaniuma. Leseni haimzuii mwizi kuiba, ila unakuwa na tarehe, na faili kamili, na maandishi yanayosema hii ni ya nani na inaruhusiwa nini, huanzi kubishana kwa maneno matupu.

Kama unapenda picha za zamani, ingia kwenye The Commons, sehemu ya humohumo Flickr, ilianza 2008 na maktaba ya bunge la Marekani, sa hivi kuna makumbusho na nyaraka nyingi. National Archives ya Uingereza waliweka humo picha za ofisi ya makoloni za Afrika, na zetu zimo. Kaa na mzee nyumbani muangalie, utasikia mambo. Mi nilikaa na babu saa nzima tukiangalia picha za barabarani tu, yeye anatazama nguo na baiskeli, mimi natazama aliyepiga alisimama wapi.

Mapungufu yapo, nayasema wazi. Akaunti ya bure mwisho picha na video 1000, zamani mpaka 2018 ilikuwa terabaiti nzima bure, sasa hakuna hiyo. Zisizo za wazi, yani zile unazoficha au kuwaonesha ndugu tu, mwisho 50. Na kwenye bure wamebana kudownload saizi kubwa, kwa hiyo usiifanye ghala lako, weka kopi zako kwenye hard disk, hilo sio la kujadili. Kulipia ni kwa dola na kwa kadi, wengi tunatumia ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, inakubali. Kiswahili hakipo kwenye menyu na kinaniudhi hicho, wana lugha kadhaa za Ulaya na Asia, sisi tuko wengi hivi na hatumo. Na ukitegemea ndugu na marafiki wako wakufuate huko, hawatakuja, wapo kwenye simu zao na video zao. Huku watu wako utawapata upya, na taratibu.

Bando nalo. Picha moja ya JPEG ya kamera yangu inakwenda MB 8 mpaka 12, ukipandisha mia moja umekula kama GB nzima. Mi napandisha usiku, picha kumi kumi. Na kabla hujapandisha nenda kwenye mipangilio ya ramani, kama simu au kamera yako inaandika mahali picha ilipopigwa basi picha ya khanga za nyumbani itamwonesha mtu yeyote nyumba yenu ilipo. Za Kilwa nimeacha ramani wazi, za nyumbani nimefuta. Watoto wa watu siweki kabisa bila mzazi kukubali, na ufukweni au sokoni naomba kwanza, akisema hapana ni hapana.

Kwa anayeanza, chukua ya bure. Picha 1000 ukizichagua kwa moyo ni nyingi sana, mi sina hata mia tatu ninazozisimamia. Kulipia nililipia kwa sababu ya kuona takwimu za nani anaangalia nini na kuondolewa matangazo, na nilitaka faili zangu kamili zikae bila kuhesabu. Kati ya kumi naipa nane na nusu, ile moja na nusu ni menyu ya Kiswahili na watu wetu kuwa wachache.

Mwezi uliopita nilirudi Kunduchi na picha ya mashua nimeichapisha kwenye karatasi, saizi ya A3. Chombo kimeshapakwa rangi upya, njano. Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaikodolea macho muda mrefu, alafu akaweka kidole kwenye ile kijani akamwita mjukuu wake aje aone.